Kabla Fundi Akwambie Mazabodi Imekufa, Soma Hii Kwanza

Wasee, hii story inajirudia kila wiki pale tao. Msee anaweka doh pole pole miezi kadhaa, anashuka Luthuli ama Moi Avenue, anachukua laptopi ya ex-UK. Mashine ya ofisi, nyeusi, nzito kiasi, kiibodi yake ni tamu. Anaanza kuitumia kuediti video, kuchapia watu kazi, kufanya zile za mtandaoni zinazolipwa kwa dola. Wiki ya tatu anachomeka chaja, taa haiwaki. Anaikimbiza kwa fundi. Fundi anaigeuza mara mbili, anaipuliza, anatingisha kichwa: "Boss, hapa mazabodi imeenda." Kisha anataja bei inayokaribia nusu ya ile ulinunulia mashine yenyewe.

Saa zingine fundi huwa anasema ukweli. Lakini kuna siku bodi iko sawa kabisa, na kinachosumbua ni draiva ama firmweya ya zamani ambayo mwenye kutengeneza laptopi alishatoa dawa yake bure kitambo. Usipojua kutofautisha hizo mbili, ile pesa ya rent ndiyo inaenda kununua bodi ambayo hukuhitaji.

Draiva ni makanga

Hili jina linachanganya watu. Ukisikia draiva unafikiria mtu ameshika usukani, kumbe kwa kompyuta draiva anafanya kazi ya makanga. Fikiria uko kwa mat ya Rongai, umekaa nyuma kabisa, muziki umewekwa juu. Huwezi pigia dereva kelele akuskie. Unaambia makanga "shukisha," anagonga bodi, dereva anaelewa, gari inasimama. Windows ndiyo abiria. Kadi ya WiFi, spika, kamera, hizo ndizo dereva. Draiva ni kale kaprogramu kadogo kanakojua lugha ya pande zote mbili. Makanga akikosekana gari ni nzima, injini inanguruma, lakini hakuna mtu anashuka stage yake.

Sasa kwa nini hizi za ex-UK ndizo zinasumbua sana? Ju zilikuwa mali ya kampuni. Kabla ziuzwe, diski hufutwa ama kutolewa kabisa ndio data ya ofisi isitembee. Zikifika hapa, duka linaweka Windows mpya kutoka kwa flashi, ile moja inatumika kwa mashine hamsini za aina tofauti. Windows inajaribu kuweka draiva za kijumla, na mara nyingi inatosha kuwasha na kukuonyesha skrini inawaka. Ukifika keja ndio unagundua mwangaza wa skrini haupungui, sauti haitoki, kidole hakisomwi, na video ya YouTube inakatakata kama redio ya mkokoteni.

Cheki hivi. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi pale kwa Start, chagua Device Manager. Ukiona kakitu kana alama ya njano, hapo makanga amekosa. Ukifungua sehemu ya Display adapters upate imeandikwa "Microsoft Basic Display Adapter," jua draiva ya picha haiko kabisa, na hiyo peke yake inaweza fanya mashine ya nguvu ionekane kama imechoka. Watu wamerudisha laptopi dukani kwa sababu ya hiyo laini moja.

Dawa ya kwanza ni rahisi: ingia Windows Update, tafuta Optional updates, hapo ndani kuna draiva zimejificha. Ikikataa, geuza laptopi, soma namba ya siri yake, yaani ile serial, halafu nenda kwa tovuti ya mwenye kuitengeneza na uiweke. Itakupa draiva za mashine yako hasa. Lenovo wana programu inaitwa Vantage, HP wana Support Assistant, Dell wana Dell Command Update. Zote ni za bure na zinajitafutia zenyewe. Zile programu zingine zinakuja na matangazo ya "draiva zote kwa klik moja" achana nazo. Zinakuwekea takataka, halafu zinakuitisha pesa za kutoa hiyo takataka.

"Lakini WiFi ndiyo imekataa, nitaingia aje kwa tovuti?" Hili swali linaulizwa sana na jibu liko mfukoni mwako. Chukua simu ya Android, iunganishe na laptopi kwa waya wa USB, ingia mahali unawashia hotspot uwashe ile ya USB. Windows inaiona kama waya wa intaneti, haihitaji draiva ya WiFi hata kidogo. Ukiwa na bando ya kutosha, dakika kumi umemaliza.

Na kama kifaa kinajiita "Unknown device" tu, usikate tamaa. Kifungue pale Device Manager, nenda Details, chagua Hardware Ids. Utaona maandishi kama ya kichaa, lakini angalia namba inayofuata VEN. Ikiwa 8086, hiyo ni ya Intel. (Hawakuiokota tu, 8086 ni jina la chipu yao ya 1978.) Ikiwa 10EC, hiyo ni Realtek. Tayari unajua utamtafuta nani.

Kuna kesi ya kinyume pia: kila kitu kilikuwa fiti, halafu Windows ikajiapdeti usiku na asubuhi sauti imepotea. Rudi pale pale, fungua kifaa, nenda sehemu ya Driver, bonyeza Roll Back Driver. Inarudisha ile ya jana.

Ile kesi ya chaja

Turudi kwa msee wetu wa taa haiwaki. Chini ya draiva kuna kitu kingine kinaitwa firmweya. Hii ni programu inayoishi ndani ya chipu yenyewe. Ukifuta diski, ukiweka Windows mpya mara kumi, firmweya inabaki vile ilikuwa. Kwa hivyo laptopi inaweza kutoka Uingereza na ugonjwa wa miaka mingi na hakuna mtu ameugusa.

Mfano mzuri uko wazi kabisa. ThinkPad T480 ya 2018 ni kati ya laptopi za ofisi zinazopendwa sana na wasee wa kompyuta. Inachaji kwa USB-C na ina porti ya Thunderbolt. Lenovo wenyewe walitoa tangazo kwamba mashine zao kadhaa za 2017 hadi 2019, T480, T480s na X1 Carbon kizazi cha 6 zikiwemo, zinahitaji draiva na firmweya mpya za Thunderbolt. Zisipowekwa, porti inaweza kukataa vifaa, skrini ya nje isionekane, ama mashine ikatae kuchaji kupitia USB-C. Soma hizo dalili tena. Ni zile zile zinazofanya mtu aambiwe bodi imekufa.

Kwa hivyo ukinunua moja ya hizo, hata kama inachaji poa, siku ya kwanza fungua Vantage uone kama hiyo firmweya iko. Anza na draiva ya Thunderbolt, maliza, ndio uweke firmweya. Chaja ikae imechomekwa, betri iwe na chaji, na usiguse kitu mpaka imalize. Hii ni kazi ya kufanya mapema, ju ukingoja mpaka porti ife, apdeti peke yake inaweza kosa kuifufua. Hapo sasa utahitaji fundi mwenye kale kamashine ka kuandika chipu upya. Wapo tao, na kazi yao ni ndogo kuliko kubadilisha bodi nzima. Muulize fundi swali moja: "Umeangalia firmweya ya Thunderbolt?" Akikutazama kama umeongea Kichina, beba mashine yako.

Kabla ya hayo yote, jaribu yale ya bure. Badilisha chaja na waya. USB-C zinafanana kwa macho lakini hazifanani kwa nguvu. Chaja ya simu haiwezi beba laptopi inayotaka wati 45 ama 65. Jaribu porti ya pili. Na ThinkPad nyingi za miaka hiyo zina kashimo kadogo chini. Toa chaja, ingiza klipu ya karatasi ubonyeze sekunde chache, kisha chomeka tena. Inazima umeme wote wa ndani, na kuna mashine zinaamka hapo hapo.

Doh yako iingie wapi

Sasa tuseme draiva ziko sawa na bado mashine inajivuta. Hapa ndipo watu wanachotwa vizuri. Mtu anaingia dukani akisema "nataka mnibadilishie i5 iwe i7." Kwa hizi laptopi nyembamba za ofisi, prosesa imechomelewa kwa bodi. Haitoki. Ukipata mtu amekubali hiyo kazi, anabadilisha stika.

Kitu cha kwanza ni diski. Kama bado unatumia ile ya kuzunguka, HDD, hakuna RAM itakuokoa. Weka SSD na utaona mashine ile ile inawaka kabla chai ipoe. Lakini jua unanunua gani, ju kuna ile ya inchi 2.5 inayoingia mahali HDD ilikuwa, na kuna ile ndogo kama kijiti cha Big G inaitwa M.2. Halafu hiyo M.2 yenyewe ina makabila mawili, SATA na NVMe. Zinafanana, lakini porti inayojua SATA peke yake haitaiona NVMe. Usikisie. Tafuta jina kamili la mashine yako uone inakubali gani.

T480 ina kichekesho chake. Mahali pa diski kubwa unaweza weka NVMe, ila unahitaji kale kaadapta kake, na njia iliyoko hapo ni nusu ya ile NVMe za kawaida hutumia. Itakimbia bado kuliko SATA, lakini ukinunua ile SSD ghali zaidi dukani ati ndio ikimbie, umemwaga pesa. Chukua ya bei ya kati, ile inabaki weka kwa RAM.

Kwa RAM, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nenda Performance, kisha Memory. Pale chini inakuambia nafasi ngapi zimetumika, mfano 1 kati ya 2. T480 ina nafasi mbili. T480s, licha ya jina kufanana, RAM moja imechomelewa na nafasi ya kuongeza ni moja tu. X1 Carbon imechomelewa yote, so ukinunua ya GB 8 utazeeka nayo hivyo. HP EliteBook 840 G3 ina nafasi mbili za DDR4, lakini ndugu zake wakubwa G1 na G2 wanatumia DDR3L. Hizo mbili haziingiliani, hata ule mkato wa chini uko mahali tofauti, na ukilazimisha utavunja kitu. Kama una uwezo, weka mbili zinazolingana badala ya moja kubwa. Picha za Intel zinakopa RAM hiyo hiyo, na zikipata njia mbili zinapumua vizuri. Ukiediti video utaskia tofauti.

Kabla ufungue mfuniko wa T480, kuna betri mbili: ya nje unayoitoa kwa mkono, na ya ndani ambayo watu husahau. Ingia BIOS kwa F1, tafuta sehemu ya Power, uzime hiyo ya ndani. Ndio ufungue skurubu. Ukigusa RAM na umeme ukitembea, hapo sasa fundi akisema bodi imekufa atakuwa anasema ukweli.

Na betri yenyewe usidanganywe ni mpya ju duka limesema. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakuandikia ripoti na ikuambie imeiweka wapi. Linganisha namba mbili: Design Capacity, yaani vile ilizaliwa, na Full Charge Capacity, vile iko leo. Ya pili ikiwa nusu ya kwanza, hiyo betri imeshaona maisha. Afanaleki, fanya hii ukiwa bado dukani, mbele ya muuzaji, kabla M-Pesa itoke.

Usipoteze kazi zako

Hapa punguza mwendo. Windows 11 kwa mashine nyingi inafunga diski yenyewe kwa BitLocker bila kukuuliza sana. Siku ukibadilisha kitu kwa BIOS, ama ukihamisha diski kwa mashine nyingine, inaweza kukuitisha ufunguo wa tarakimu 48. Huna ufunguo, huna faili. Hakuna fundi wa Nairobi, wala wa Marekani, anaweza kupita hapo. Picha za harusi ya mteja, projekti ya campus, mikataba, zote ziko hapo ndani na hazitoki.

So kabla ya apdeti yoyote ya BIOS ama kubadilisha diski, ingia kwa akaunti yako ya Microsoft, tafuta ufunguo, uuandike kwa karatasi. Halafu simamisha BitLocker kwa muda. Na nakili faili zako muhimu mahali pengine. Diski ya nje ya kuazima kwa beshte inatosha.

Ukishaweka SSD mpya, kuna wengine hukwama pale Windows inasema haioni diski yoyote. Wanarudi dukani wakipiga nduru kwamba wameuziwa mbovu. Kwa laptopi za Intel kuanzia kizazi cha 11 hii ni kawaida: kuna kitu kinaitwa VMD kimekaa mbele ya diski, na flashi ya Windows haina draiva yake. Shusha draiva ya Intel RST kutoka kwa tovuti ya mwenye laptopi, ifungue uiweke kwa flashi hiyo hiyo, halafu pale inasema hakuna diski bonyeza Load driver. Diski inatokea.

SSD feki pia ziko, tena nyingi. Zile za TB 2 zinauzwa kwa bei ya soda mara nyingi ni memori kadi ndogo imedanganywa ijiite kubwa. Inapokea faili, halafu inazila. Ukiwa na shaka, ijaze na H2testw kabla uamini kazi yako nayo. Kwa SSD iliyotumika, CrystalDiskInfo itakuonyesha afya na masaa imefanya kazi.

Ukiwa bado hujanunua

Mambo mawili ya haraka, ju haya hayana draiva itakayokusaidia baadaye.

La kwanza ni Windows 11. Microsoft waliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0. Ile EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6. Duka linaweza kulazimisha Windows 11 iingie, na itawaka, lakini Microsoft hawakuahidi kitu juu yake na apdeti kubwa inaweza kukataa. Soma namba ya prosesa yenyewe: i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-7300U ni cha 7. Na usiamini jina la laptopi peke yake, ju kuna T480 zilitoka na kizazi cha 7 na zinakaa dukani kando ya wenzao. Kama bajeti yako inafika kwa kizazi cha 6 tu, si mwisho wa dunia. Linux Mint ama Ubuntu itakaa hapo poa, na draiva nyingi za mashine za ofisi ziko ndani tayari.

La pili ndilo linaumiza. Kuna mashine zinauzwa bado zikiwa zimefungwa na kampuni ilizotoka. Ingia BIOS ukiwa dukani, F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikiitisha nenosiri na muuzaji hajui, irudishe kwa shelfu. Kufuli nyingine imejificha zaidi: kampuni nyingi hufunga laptopi kwa mfumo wa Microsoft uitwao Autopilot. Duka likiweka Windows bila intaneti, hutaona kitu. Siku utakayoireset ukiwa na WiFi, inakuandikia jina la kampuni fulani ya ng'ambo na kukuitisha email ya kazi ambayo hukuwahi kuajiriwa.

Kwa hivyo mwambie muuzaji aireset hapo hapo, muiunganishe na hotspot ya simu yako, mngoje mpaka ifike pale inauliza jina lako. Inachukua muda, na muuzaji ataanza kukuonyesha foleni ya wateja wengine. Kaa. Ikimaliza, hakikisha risiti imeandikwa ile serial ya nyuma ya laptopi, herufi kwa herufi, ndio ukirudi wiki ya tatu asikuambie hiyo haikutoka kwake.